Nyota za Mikeka Mikuukuu

Yule msusi wa soko la Nuku'alofa, visiwani Tonga, hakuangalii usoni, anakuangalia kiunoni. Mkeka uliojifunga, lile vazi la heshima la huko, ukichakaa tu, keshauona. "Shoga, huo nipe mie, nikusukie nyota mbili." Kucha zake kahawia, jino la mbele limemeguka kwa kukata nyuzi. Anafumua mikeka mikuukuu, anasuka nyota za Krismasi, kwa sababu mnunuzi wake wa Auckland hataki nyuzi mpya. Lesieli, jirani yake wa meza, alimwonya: "Dada, ule wako mpana uliochanika usiuguse. Baba yako keshazeeka." Msusi akacheka, akaufumua. "Tambara lile? Siku nikilihitaji nitakosa?"

Baba yake akafa wiki ya kwanza ya Desemba. Mtoto humzika babake amejifunga mkeka mpana uliochanikachanika, ndiyo heshima. Mkeka safi ni wa shangazi, dada wa marehemu, mwenye cheo msibani. Msusi akapiga hodi nyumba kwa nyumba, kumbe matambara ya mtaa mzima alishayamaliza mwenyewe. Lesieli akamwazima mkeka wake wa harusi. Msibani wanawake wakaguna: "Haya, shangazi mwingine huyo! Mpisheni akae mbele." Msusi akapita hadi uani, kwenye moshi wa wapishi. Lesieli alipomfuata alimkuta ameinama, vidole vinachomoa uzi mmoja mmoja, pindo lote limeshakuwa manyoya.

"Dada! Huo wangu!"

"Najua," akasema, bila kuinua kichwa wala kusimamisha vidole. "Nivumilie, mdogo wangu. Bado hawajamshusha Baba."