Kivuli Kisivuke Mpaka

Miaka ya sabini niliamini kabisa kwamba ukipigwa picha Malaba, pale mpakani, huku kivuli chako kimelala upande wa Uganda, sura yako inabaki huko na picha inatoka bila mtu. Asubuhi vivuli vyote vilielekea Uganda, na jioni nilikuwa na masomo ya watu wazima. Basi nikawa napigwa saa sita mchana, kivuli nimekikanyaga vizuri chini ya viatu.

Picha ilikuwa ya kupelekwa Amukura, kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumuoa. Ya kwanza ilirudishwa, mama yake akiuliza kama nina macho. Ya pili ilifukuza mbuzi wa kijiji kizima.

Mara ya tatu mpiga picha alikataa kugusa kamera.

"Boss, kwani unaficha nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia reli iliyopita karibu nasi.

"Kivuli chako utarudi nacho nyumbani. Shida ni jua. Likiwa utosini, macho yanaingia giza, yanakuwa mashimo mawili. Kuja kesho saa mbili asubuhi, uso uangalie jua, usimame kando ya reli, mstari wake uyaongoze macho ya mama mkwe mpaka usoni pako."