Aliyevuka Kizingiti

Mimba yangu ya kwanza haikunisumbua hata kidogo. Nililima nayo, nilibeba nayo kuni, nilishuka nayo sokoni Morogoro na kuupanda tena mlima na mzigo wa chumvi kichwani. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa upande wetu wa Uluguru, alinipapasa tumbo akasema wanawake wote wangekuwa kama mimi, yeye angekufa njaa. Nilijivuna. Mjinga hujivunia chochote.

Mume wangu hakuwapo. Jumbe alikuwa amemtoa kwa Wajerumani akajenge reli huko bondeni, mimba ikiwa bado changa, na tangu hapo hatukupata habari zake. Waliorudi walirudi na homa, au na makovu ya kiboko mgongoni, na wote walisema hawajamwona.

Nilijifungua mchana, kwa urahisi, mtoto wa kiume mwenye sauti. Mama mkwe alimkata kitovu kwa kipande cha mwanzi, akakipaka masizi ya chungu na mafuta ya nyonyo, kama alivyowapaka watoto wote, mwanawe akiwa mmoja wao. Kisha akatoa amri ya siku zote: mpaka kitovu kidondoke, mwanamume asivuke kizingiti, kwa sababu mwanamume ana joto la huko atokako, na joto hilo humuunguza kichanga. Hata mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu alikuwa na amri juu ya mtoto kuliko baba yake, alisalimia akiwa nje.

Kitovu kilikuwa hakijadondoka mtoto alipoacha kunyonya. Nilimpa titi, midomo ikabana. Uso ukajikunja kama anacheka, na wala hacheki. Mlango ukigongwa, mwili wote unakakamaa kama mchi. Siku hizi wauguzi wanasema ni uchafu unaopakwa kwenye kitovu. Nimewasikia, lakini aliyepaka yale masizi amekwisha kuoza zamani.

Wakati ule mama mkwe alikuwa na hoja yake: mimba njema huzaa mtoto mzima, na mtoto mzima haharibiki ila ameharibiwa. Ningetapika miezi yote tisa, labda ningehurumiwa.

"Nani aliingia humu?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama."

"Mimba ilikuwa safi. Mkono wangu haujapata kukosea. Mtaje."

Dawa ilikuwa tayari, maji ya majani kwenye chungu, yamepoa, yamepashwa moto tena. Lakini dawa hiyo hutamkiwa jina la mwanamume aliyevuka. Bila jina, alisema, ni maji ya kunawia miguu. Niliapa kuwa hakuna aliyevuka. Akakaa kando ya chungu, akakunja mikono, akamtazama mjukuu wake akikakamaa. Mjomba naye akasema kutoka nje, kwa upole wa mtu anayebembeleza mbuzi aingie zizini, "Mtaje, mwanangu. Mtoto ni wetu. Unatuulia mtoto kwa kuogopa aibu."

Nilikuwa tayari kumtaja yeyote. Ningemtaja hata jumbe. Lakini niliitazama ile mikono iliyokunjwa, chuki ikanipanda, nikataka dhambi ya kumuunguza mtoto ikakae nyumbani kwake.

"Ni mwanao," nikasema. "Alitoroka relini. Aliingia alfajiri, akamshika mtoto, akaondoka."

Nilidhani ataangua kilio. Uso wake ulikunjuka. "Yu hai," akasema, akaushika mkono wangu akaubusu. Alimwogesha mtoto huku akilitaja jina la mwanawe kwa sauti tamu, tena na tena, na nadhani hata hakujua mtoto alipokata roho mikononi mwake. Mimi nilijua.

Tulimzika wanawake peke yetu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, bila kilio, kwa sababu mtoto asiyedondosha kitovu haliliwi. Tukiwa bado tunashindilia udongo, mama mkwe aliniuliza kama mwanawe alikuwa amekonda. Nikamjibu kuwa amenenepa. Tangu siku hiyo kila alipouliza nilimwongezea: kanzu mpya, kovu, salamu zake. Sikujuta, na sijuti.

Masika yaliyofuata wanaume wawili walipanda kutoka bondeni. Walisema mume wangu alikufa kwa homa hata kabla sijajifungua, na wao wenyewe ndio waliomfukia kando ya reli. Mjomba akaagiza matanga. Mama mkwe aliwacheka.

"Mnamzika mtu aliye hai? Huyu hapa alimwona kwa macho yake."

Uwanja mzima ukanigeukia. Ningesema kweli, wangeuliza ni mwanamume gani basi aliyevuka, na kwa kuwa dawa ilitamkiwa jina la uongo, mtoto angekuwa nimemuua mimi.

"Nilimwona," nikasema.

Wale wawili wakatukanwa, wakaenda zao. Matanga hayakuwekwa, na mume wangu hakuliliwa na mtu, hata na mimi.