Mfereji wa Bungu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwenye ghala la zamani la mkonge pale Korogwe, lililogeuzwa studio ya televisheni, nikiwa na daftari zima la vichekesho nilivyoviandika nyumbani Kabuku. Mkuu wa Waandishi, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alisoma kurasa mbili akiwa amesimama.

"Huyu mwenye duka wako ni wa wapi?"

"Wa popote tu, mama."

"Basi hachekeshi. Niletee mwenye duka mmoja, mwenye mwendo wake na kitu chake mkononi."

Ninyi mnaorekodi kwa simu mtaona tulijichosha bure. Jumatatu tulikaa kutafuta mawazo, Jumanne tukaandika, Jumatano waigizaji wakasoma wakiwa wamekaa mezani. Pasipochekwa, kalamu nyekundu ilipita. Kila kichekesho kifupi tulikiita kipande. Mwanzo wake ulikuwa mtego, unaomfanya mtazamaji ategemee jambo fulani. Mwisho wake mfyatuko, pale anapopata jingine kabisa. Mimi sikuweza kukaa wakati wa usomaji. Nilitembea nje ya mlango, nikisikiliza kama watacheka.

Nilioa Bungu, kijiji cha milimani, kwa Wasambaa wa mtindo wa zamani. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakabiliani uso kwa uso. Asubuhi moja nilikuwa nashuka njia nyembamba, naye mama mkwe wangu anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, na kwapani mwavuli wake wa kijani, ambao hakuuacha masika wala kiangazi. Hapakuwa na pa kupishana. Aliponiona akaingia kwenye mfereji wa maji, yeye na mzigo wake, akanigeuzia mgongo. Nilipita nimeinamisha uso kama inavyopaswa. Nilipofika kwenye kona nikatoa daftari. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kipande kiliporushwa, mwigizaji wa kiume aliyevikwa kanga aliporomoka mferejini mara tatu. Nchi nzima ilicheka. Bungu walicheka kwa kutaja jina, kwa sababu niliuandika hata mwavuli. Ningeuacha, nani angemtambua?

"Mama haendi tena gulioni," mke wangu aliniambia. "Akipita, watu wanajitupa chini wanamwigiza. Umemvua nguo mama yangu."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Utamwombea wapi? Unaweza kumsogelea?"

Wakati huo tulishahamishiwa Dar es Salaam. Nikaenda kwa Meneja wa Vipindi nikamsihi kipande kisirudiwe.

"Watazamaji wanakiomba kila wiki," alisema. "Ukitaka nikizike, niletee kinachokizidi."

Ningeweza kuacha kazi siku ile. Sikuacha. Niliandika kama mtu anayefukuzwa, nikiamini kipande kinachofuata ndicho kitakachokifukia kile. Nilipelekwa Handeni kusimamia waandishi wa huko, nikaendelea kuandika. Watu waliniita hodari. Hawakujua kwamba kila kiliporudiwa nilitoka sebuleni kwangu nikaenda kusimama uani. Sasa kinazunguka kwenye simu, na hakuna meneja wa kusihiwa.

Siku ya kuniaga kazini walikionyesha ukumbini, kunienzi. Niliondoka kabla ya chakula. Juma lililofuata tulipanda Bungu, mke wangu na mimi.

Mama amezeeka, hatoki ndani. Nilikalishwa kibarazani, yeye akiwa nyuma ya ukuta, mke wangu akasimama mlangoni katikati yetu.

"Mwambie mama nimekuja kuomba radhi," nilisema, kwa sauti ya kutosha kufika kitandani.

"Mama, anaomba radhi."

Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, haina haraka.

"Mwambie yule mwanamume wao hajui kuigiza. Mimi sikuanguka. Niliingia mwenyewe."

Kicheko kikanitoka. Mke wangu hakucheka.

"Tena mwambie niliingia kwa ajili yake. Maji yalikuwa ya baridi, na mzigo wote ukalowa, ili yeye apite na heshima yake. Hilo mbona hakuliandika?"

Mke wangu akanigeukia, akalirudia swali lote neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimeshalisikia. Miaka yote ile nililipwa kwa kujua mtu ajibu nini. Mwishowe nikasema, "Mwambie nitaliandika."

"Aharakishe," mama akasema, bila kungoja afikishiwe.

Ndiyo maana kustaafu kumenishinda. Naandika, nachana, natembea uani, narudi mezani. Nikiliandika kweli, hakuna anayecheka. Juzi mke wangu alipokea simu kutoka Bungu: mama hali tena mwenyewe, analishwa. Anauliza kama nimemaliza.