Nilivyomchemsha Mama Mkwe Barabara ya Muhoroni

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, lakini kwa kuwa mke wangu Akinyi ameshawasimulia dada zake wote kwa mbwembwe, heri mnisikie mimi mwenyewe.

Gari langu ni la zamani, ila lina kiyoyozi cha kujipimia joto chenyewe: unaweka namba, kinajua kilete baridi au moto. Kilikuwa kimeanza kulegea, na kesho yake nilitakiwa kumchukua mama yake Akinyi, wakati huo mchumba wangu tu, kule Muhoroni nimlete kwenye harusi ya jamaa yao Kisumu (mara yangu ya kwanza kuwa naye peke yetu, na asiponikubali, ndoa hakuna), basi nikaona fundi wa nini, nikatazama video kwenye simu, nikafungua dashibodi, nikasafisha kale kasensa kanakopima joto la ndani, nikarudisha kila kitu. Nilidhani kila kitu.

Mama akakaa nyuma kama heshima inavyotaka, koti, kitambaa kichwani, nami suti na tai, nikajigamba: "Mama, usifungue dirisha, hii gari inajua joto yenyewe." Kumbe waya wa sensa sikuuchomeka, gari likaamini tuko kwenye barafu, likaanza kutupulizia moto, nikashusha namba, moto ukazidi, nikaongeza feni (akili ni nywele, kila mtu ana zake), moto ukaja kwa nguvu.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa. Wewe je?"

"Sawa kabisa."

Kwetu mkwe halalamiki mbele ya mama mkwe, naye hawezi kuvua hata kitambaa mbele yangu, basi tukaendelea kuiva kwa adabu.

Karibu na Awasi akaomba nisimame amsalimie rafiki yake anayeuza ndizi (nilimwona akimaliza chupa ya maji kwanza, salamu baadaye). Nikavua koti, tai, shati na fulana, nikalala chali, kichwa kwenye pedali, miguu nje ya mlango, nikaupata ule waya unaning'inia. Nikauchomeka, nikafumba macho kwa raha. Ndipo nikamsikia Mama akipiga yowe, "Uwi, mtu wa Akinyi amekufa na joto," na kabla sijajibu nikamwagiwa jerikeni zima la maji. Nikatoka kifua wazi, nikakuta Mama, wauza ndizi na watu wa bodaboda wananitazama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Tukaondoka. Kiyoyozi sasa kimepona, baridi kali, nami nimelowa, meno yanagongana.

"Uko sawa?" Mama akauliza.

Nilitaka kusema sawa kabisa, nikashindwa. "Hapana, Mama. Nasikia baridi sana. Na ile joto, ni mimi niliharibu gari."

Akacheka mpaka akavua kitambaa apanguse machozi. "Nyathina, mwanangu, nilikuwa naiva huku najiuliza, huyu kijana akiumia atawahi kusema? Msichana wangu ataishi aje na mtu wa 'sawa kabisa'? Sasa nimekusikia. Mje nyumbani Desemba na wazee wako, tuzungumze mahari."

Tulienda, na tukaoana. Dashibodi nimeapa sifungui tena, fundi yupo. Na siku hizi Akinyi akiniuliza kama ugali wake umeiva, nasema haujaiva, kisha nasubiri maneno yake nikiwa na amani.