Kunguru Aliyetazama Mlango

Juzi nilifungua droo ya marehemu baba nikasikia harufu ya masizi na kafuri. Papo hapo nikawa na miaka saba tena, kwenye fleti yetu ya Rågsved, Sweden, miaka ile ya themanini.

Kilichonukia ni kijiti cha wino. Ukikisugua juu ya jiwe lenye maji kidogo, unapata wino mweusi wa kuchorea. Baba alijifunza uchoraji huo China alikopelekwa kusomea ufundi wa reli. Fundi mzee wa karakana ndiye aliyemshikisha brashi. Baadaye alipata kazi kwenye kiwanda cha malori huko Södertälje, na baada ya miaka mitatu mama na mimi tukamfuata kutoka Tabora.

Siku tuliyofika, macho ya mama yalitua kwenye picha ya sebuleni: ndege mmoja mweusi, kifua cheupe, juu ya tawi. Hata koti hakuvua.

"Baba Zuhura, umenichorea kunguru?"

"Si kunguru, Mama Zuhura, huyu ni..."

"Kunguru hafugiki. Ndiyo salamu yangu hiyo?"

Unajua mwenyewe, msemo huo hurushiwa mwanamke asiyetulia kwa mumewe. Na mama alikuwa ameahirisha safari mara mbili akimuuguza bibi. Siku nne akamjibu baba kwa ndiyo na hapana tu, na masanduku hakuyafungua. Nilichomoa soksi zangu humo moja moja, nikiogopa kuuliza kama tunarudi.

Nikajaribu kusaidia. Mtoto wa jirani yetu Mganda alinionyesha ndege yuleyule akirukaruka kwenye theluji, nikapanda ngazi mbio.

"Mama, si kunguru! Huku anaitwa skata. Ni mwizi!"

"Afadhali kunguru," mama akasema.

Baba alicheka hadi akamwaga kahawa. Kisha akatuita mezani, akasugua wino, akatuchorea mwingine taratibu huku akieleza. Wachina, alisema, jina la ndege huyu wamelitia neno furaha. Humchora wakingoja habari njema.

"Na huu weupe wa kifua?" mama akauliza.

"Sikuupaka. Ni karatasi nimeiacha."

"Mbona yule wa ukutani ameukodolea macho upande mtupu wa karatasi?"

Baba akakuna kichwa. "Niliitundika hivyo ili atazame mlango."

Mama akainuka, akaenda ukutani. Halafu akaiondoa ile picha, akaitundika upande wa pili wa mlango. Ndege akaupa mlango kisogo, akawa anatazama meza ya chakula.

"Asisumbuke tena," akasema. "Tumeshafika."

Akaenda kufungua masanduku.

Wakati ule nilidhani baba aliona uvivu kuimaliza karatasi. Leo, kijiti kikiwa mkononi, naelewa kuwa ile sehemu tupu ilikuwa yetu. Aliitunza miaka mitatu bila kuidondoshea hata tone.