Njia ya Matete

Obadiah alirithi kwa baba yake vitu viwili: mtumbwi wa gogo moja, na njia. Njia yenyewe ilipasua matete ya Ziwa Jipe kutoka ukingoni hadi kwenye maji wazi, na kwa kuwa matete hayalali, kila Jumatatu aliingia na panga kuyakata. Ng'ambo ilikuwa Tanzania, kwenye masoko na mashemeji. Aliyetaka kuvuka alimwita Obadiah. Aliwavusha wanne wanne, magoti kidevuni, akisukuma kwa upondo.

Mwaka 1971 fundi mmoja, Ogutu, aliacha kazi kwenye mashamba ya mkonge, akaja kuunda mashua ya mbao kama zile za ziwa la kwao. Nyufa aliziziba kwa nyuzi za mkonge na lami. Mashua ilichukua watu kumi na wawili, ndizi zao, na mbuzi akapata pa kusimama.

"Mzee Obadiah, njia ni yako, sibishi," Ogutu alimwambia. "Lakini tuipanue pamoja. Mimi Jumatatu, wewe Alhamisi."

"Pita tu. Nani amekukataza?"

Akapita. Obadiah akabaki ukingoni akisikiliza sauti za abiria zikififia ndani ya matete. Walikuwa wakicheka mle. Katika mtumbwi wake watu hawakuwahi kucheka, waliogopa kuyumba.

Jumamosi moja mkewe, Tryphena, alirudi kutoka kwa dada yake ng'ambo.

"Umevuka na nani?"

"Baba Wakio, nilipoondoka wewe ulikuwa umelala. Ningeogelea?"

"Na kanga yako haina hata tone."

"Kumbe ulitaka nilowe ndiyo ujue nimesafiri?"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumatatu hakuingia majini. Akate mwenye mashua, alijiambia. Jumatatu ya pili, vilevile. Ogutu alikata peke yake hadi viganja vikachubuka, lakini mashua pana hutaka njia pana, na masika yalikuwa yameshaanza.

Siku moja mashua ilikwama na watu wote. Hadi adhuhuri walikuwa wameshuka, tope kiunoni, vitoto mabegani, viboko wakikoroma karibu. Obadiah aliwatazama wakitoka mmoja mmoja, na moyoni mwake mkapita utamu, kama wa asali ya kuiba.

Tangu siku hiyo watu walipanda lori, wakazungukia Taveta na Holili. Ni mbali, lakini ni pakavu.

Sasa watanirudia, Obadiah aliwaza. Akausukuma mtumbwi. Hakufika hata hatua thelathini: matete mbele, matete pembeni, na nyuma yake yakijifunga taratibu. Alikata siku nne. Ya tano akaenda kwa Ogutu.

"Lete panga lako. Tuifungue pamoja."

Ogutu alikuwa akipiga randa. Hakuinua kichwa. "Umechelewa, mzee. Mashua nimeivunja. Kanisa lilitaka mabenchi."

Jumapili Obadiah aliketi kwenye benchi jipya. Lilinuka lami. Chini yake vidole vyake vilikuta uzi wa mkonge umechomoza.

"Sogea, Baba Wakio," Tryphena alinong'ona. "Hapa tunatosha wengi."

Watu wakaketi, benchi likayumba kidogo. Akalishika kwa mikono miwili, kama abiria.