Siku Mshenga Alipoutaja Ulimwengu

Mume wangu anafundisha hisabati sekondari hapa Sumbawanga, na ugonjwa wake ni kompyuta za kwanta. Tukiwa tunapukuchua mahindi ataniambia kwamba kompyuta ya kawaida hushika moja, ndiyo au hapana, lakini hizo mpya hushika yote mawili kwa pamoja mpaka utakapopima. Hapo hachelewi kufika kwenye swali lake: je, kama ulimwengu wote ni hesabu inayopigwa na mashine ya watu wengine, na sisi tumo ndani yake? Mimi humwambia apukuchue. Nayapenda mazungumzo hayo, ila nusura yaninyime mume.

Alipokuja kuniposa nyumbani kwetu Mpui, mshenga alikuwa mjomba wake, mchuuzi wa dagaa kutoka Kirando, mtu mwema asiye na breki mdomoni. Kwetu mposaji hukaa kimya, anayesema ni mshenga. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, sikio mlangoni. Baba akauliza kijana ni mtu wa namna gani. Mjomba angeweza kujibu kwamba hanywi na anasali, yakaisha. Badala yake, akitaka kumsifia usomi, akamwaga habari zote za kwanta, mpaka hilo la sisi kuwa ndani ya mashine. Nilitamani kumfuata na mwiko.

Baba ni mkulima wa ulezi na mahindi, na misa haimpiti. Nilijua atauliza habari za Mungu, naye akaziuliza. Kisha akauliza lililonichoma zaidi: mtu anayedhani dunia si ya kweli, mke akiugua atahangaika kwa lipi? Shangazi akaninong'oneza kwa Kifipa kwamba posa imeharibika.

Ndipo nikaitwa, kama ilivyo desturi, niseme kama nawafahamu wageni. Msichana hujibu ndiyo, akarudi jikoni. Nilipiga magoti, nikasema ndiyo, nikabaki palepale.

"Baba, masika yaliyopita nilipolazwa mjini, ninyi mlikwama kwa matope. Huyu ndiye aliyekaa na mimi mpaka nikaruhusiwa. Ulimwengu hakuutaja hata mara moja. Alikuwa akiniuliza tu kama nimemaliza uji."

Baba alinitazama, kisha akamtazama kijana, ambaye wakati huo alikuwa anachunguza viatu vyake. Hakumsemesha. Akamgeukia mjomba, maana siku ya posa hata maneno ya baba hupitia kwa mshenga.

"Mwambie kijana wako, kama kweli sote tumo ndani ya hiyo mashine, basi humohumo ndani binti huyu ana baba. Amtunze."